Nilipomtafuta Guka Misri

Mapera yakiiva kupita kiasi hutoa harufu ambayo watu wengi hawaipendi. Mimi huifuata. Juzi nilikuwa sokoni Embu, nimekwenda kununua ndizi za kupika, nikapita karibu na mama mmoja aliyemwaga mapera yake juu ya gunia, yale ya manjano yaliyoanza kulainika, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa. "Nikuwekee ya ngapi, customer?" akaniuliza. Kwa dakika hiyo sikuwa Embu. Nilikuwa Kairo, nina miaka tisa hivi, nimeshika sketi ya nyanya yangu, barabara imejaa mikokoteni ya mapera inayovutwa na punda, na mimi najiuliza ni nani aliyeleta mapera ya kwetu huku kabla yetu.

Wakati ule nilikuwa na jibu. Niliamini ni guka, babu yangu, ambaye tulikuwa tumemzika miezi michache kabla ya safari.

Wacha nieleze, maana habari ikianzia katikati msimulizi huonekana amerukwa na akili. Guka na cucu, yaani nyanya yangu, waliishi juu ya Timau, kule ambako baridi haina adabu, mahali mashamba makubwa ya ngano yanapokwisha na vishamba vya viazi vya watu wa kawaida vinapoanza. Sisi tulikaa Majimbo, mjini Embu, kwa sababu ya kazi za wazazi wangu, lakini kila likizo nilipandishwa Timau nikiwa na sweta mbili na onyo la kutoingia mferejini. Jina langu, Karimi, ni la cucu. Kwetu mtoto akipewa jina la mkubwa hupewa na nafasi yake, kwa hiyo baba aliniita mama, na guka aliniita mke wake mdogo. "Karimi mkubwa amepika," angesema akiingia kutoka zizini, huku akipangusa tope kwenye gambuti. "Na Karimi mdogo amenifanyia nini leo, ama nilioa hasara?" Cucu naye aliniita mke mwenza. Tukigombania kiti cha karibu na moto, alisema wivu wa wake wenza haukuanzia kwetu wala hautaishia kwetu.

Hadithi ya guka ilikuwa moja tu, ile ambayo kila Mmeru ameisikia hata kama ameisahau. Hatukuanzia Kirimaara, mlima wetu. Tulitoka mbali, mahali panapoitwa Mbwaa, ng'ambo ya maji makubwa, ambako tulikuwa watumwa wa watu walioitwa Nguu Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Walitupa kazi zisizofanyika. Leteni mbwa mwenye pembe! Shoneni kiatu chenye manyoya ndani na nje! Fueni mkuki ambao mwisho wake uguse mawingu! Wazee wetu walizifanya nyingine kwa ujanja, lakini mkuki uliwashinda, na siku ulipowashinda waliamua kutoroka. Wakafika majini. Mbele bahari, nyuma wenye nguo nyekundu. Na maji yakagawanyika.

Siku hizi najua kuna wasomi wanaosema Mbwaa ni kisiwa kimoja cha pwani yetu hapa hapa Kenya. Mwalimu mmoja alimwambia guka hivyo, na guka akamtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyepanda viazi wakati wa jalidi inayounguza majani. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi. Watumwa, kazi ngumu, maji yaliyogawanyika. Hiyo ni Misri, na Biblia iliandika tu habari ambayo Wameru tayari walikuwa nayo.

Basi kanisa lao lilipotangaza safari ya kikundi kwenda Misri, guka aliinua mkono kabla mchungaji hajamaliza sentensi. Akaweka nafasi mbili, yake na ya cucu, na kuanzia siku hiyo hakuna jirani aliyepumua. "Wengine wanaenda kuona," alikuwa akisema. "Mimi naenda kwetu." Halafu kifua kikamkamata. Nilipelekwa kumwona hospitalini Meru, amekaa kitandani na mito mingi mgongoni, na nikamsikia akimwambia cucu kwa sauti iliyokuwa imebaki nusu, "Mkiona nimekosa hiyo ndege yenu, msinisubiri. Nitakuwa nimetangulia." Akanikonyeza. Nami nikamkonyeza, kama watu wenye siri.

Mtoto hushika maneno kama gundi. Wiki hiyo hiyo watu wakajaa nyumbani Timau, na kila mtu aliyenishika kichwa aliniambia guka ametangulia. Mchungaji alisema ametangulia. Mama akasema amepumzika, na baba akasema mzee ametuacha, huku akiangalia mlima. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyetumia neno lingine mbele yangu. Niliona sanduku likishushwa na nikatupa udongo wangu kama nilivyoambiwa, lakini niliona sanduku; guka sikumwona. Yule aliyeniambia kwa kinywa chake anakokwenda nilimwamini kuliko sanduku.

Na cucu hakulia. Hilo wanawake wa Timau walilizungumza kwa muda mrefu. Walikuja wamejiandaa kulia naye, naye akawapikia chai, akawauliza watoto hawajambo, akasuuza vikombe kana kwamba msiba ulikuwa wa jirani. Akaanza kukonda. Chakula alikigusa tu. Nilimsikia mama jikoni akimwambia baba, "Huyu mama asipolia ataugua. Si lazima aende Misri, hana nguvu." Lakini cucu alishasema anakwenda, na cucu akishasema, maneno mengine ni ya kupitisha muda. Ndipo baba akaamua kwamba nafasi ya guka niishike mimi. "Ni mke wake pia," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi watu wakacheka. Kisha akainama akaniambia kwa uzito, "Mama, uende umwangalie cucu. Usimwache hata kidogo. Urudi naye."

Urudi naye. Ningekuwa mkubwa ningeyasikia maneno hayo kama watu wanavyoyasema. Mimi niliyasikia kama onyo, maana nilijua jambo ambalo baba, kwa maoni yangu, alikuwa analijua pia na anaogopa kulitaja: guka yuko Misri, anatungoja. Cucu akimwona, hatarudi Timau. Ni nani angerudi kuchimba viazi kwenye baridi ile wakati mume wake yuko mahali penye jua? Kwa hiyo nilipanda ndege nikiwa na mambo mawili yanayopigana kifuani. Nilitaka kumpata guka kuliko kitu chochote duniani, na niliomba Mungu cucu asimwone.

Mtu wa kwanza kutupokea Misri alivaa nyekundu. Sisemi mchezo. Alikuwa mwongoza watalii wetu, kijana mnene mwenye tabasamu pana, jina lake Sobhi, amevaa jaketi jekundu na ameshika kijibendera chekundu ili kikundi kisimpoteze. Kitu cha kwanza alichofanya ni kukusanya pasipoti zetu zote akazitia mfukoni, eti za hoteli. Cha pili, akapaza sauti kwa Kiswahili alichofundishwa na vikundi vilivyotutangulia, "Haya, Wakenya! Twende kazi!"

Wote wakashangilia. Mama Kendi, mfanyabiashara wa miraa kutoka Kangeta aliyejiunga nasi na ambaye kicheko chake kilisikika kabla yake, alipiga makofi. "Huyu ni wetu! Huyu tumpeleke Kangeta, tumpatie bibi!" Nilimvuta cucu sketi nikamnong'oneza kwa Kimeru, "Cucu, ndio hao."

"Akina nani?"

"Nguu Ntune. Amechukua na pasipoti."

Cucu akamtazama Sobhi kuanzia viatu hadi nywele, bila haraka, jinsi alivyokuwa akitazama ng'ombe wa kununua. "Huyu?" akasema. "Angalia hiyo mikono. Huyu hajawahi kumtuma mtu hata kuni. Tembea."

Nilitembea, lakini sikuridhika, na kesho yake nilipata ushahidi. Basi letu lilikata kona moja kati ya maghorofa ya matofali yasiyopakwa rangi, yenye nguo zimeanikwa kila dirisha, na pale nyuma ya nyumba za watu wa kawaida kabisa kulikuwa na kitu kilichojaza anga. Ukiona piramidi kwenye kitabu unaona umbo. Ukisimama chini yake huoni umbo tena, unaona jiwe, na juu yake jiwe, na juu yake jiwe, mpaka shingo inauma, na bado hujafika juu. Jiwe moja tu la chini lilinipita urefu. Mtu aliyekuwa kwenye ngamia, mbali kidogo, alionekana kama siafu amepanda nzige. Hata Mchungaji aliyekuwa na maneno ya kila mahali alivua kofia akaishika mkononi.

Cucu alikwenda hadi kwenye jiwe akaliwekea kiganja. "Hii mawe ilibebwa na nani?" akamwuliza Sobhi kwa Kiswahili chake.

Sobhi alijibu kwa Kiingereza, Mchungaji akatafsiri: walijenga wakulima, wakati ambao mto umefurika na mashamba yamelala.

"Wakulima," cucu akarudia. Akatazama juu tena. "Watu walikuwa wamelala njaa ama wameshiba?"

"Anasema walipewa mkate na vitunguu, na pombe ya ngano," Mchungaji akasema.

"Hii si ya kuinuliwa na kitunguu," akasema Mama Kendi kwa sauti ya chini, na hapo hata yeye hakucheka.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Mkuki wa kugusa mawingu! Hivi ndivyo ilivyokuwa. Hawa watu walikuwa na desturi ya kutaka vitu vifike mbinguni, na vingine vikakamilika. Nilijisikia mdogo na pia mkubwa kwa wakati mmoja, mdogo kwa sababu ya jiwe, mkubwa kwa sababu nilifikiri ni la kwetu, kwamba babu wa babu yangu alilisukuma akiwa na tumbo la kitunguu. Sijui kama niliwahi tena kushangaa namna ile. Nimeona vingi tangu siku hiyo, lakini mshangao wa mtu mzima huja umebanwa na maswali ya picha na bei ya maji. Ule ulikuwa mshangao mtupu.

Halafu nikaanza kumtafuta guka. Kila mahali tulipopelekwa, mimi nilitazama wazee. Kwenye kanisa la kale ambamo walituambia Mariamu na Yusufu walijificha na mtoto, watu wa kikundi waliinama kutazama ngazi za kushuka chini, nami niliwatazama wazee waliokaa mabenchini. Mitaani nilitazama waliokuwa wakivuta tumbaku ya shisha na kucheza dama nje ya mikahawa. Wazee wa Misri huvaa kanzu ndefu za rangi ya udongo na hutembea mikono imefungwa nyuma mgongoni, hasa kama guka alivyofanya akikagua ua wa nyumba. Karibu na mikokoteni ya mapera nilimwona mmoja kwa nyuma, bega moja limeshuka, na nikaanza kukimbia. Aligeuka. Alikuwa na masharubu makubwa meupe. Akanipa pera, akanibariki kwa lugha yake. Nilirudi kwa cucu nikiwa nimefurahi kwamba siye, na nikiwa na uchungu kwamba siye, na sikujua hisia gani niifiche.

Siku ya tatu ndiyo iliyonitisha zaidi. Tulikuwa tunakwenda kuona sanamu fulani za wafalme, kwa njia inayofuata mfereji, na nje ya dirisha jangwa lilikuwa limetoweka. Kulikuwa na mitende, na chini ya mitende kijani kibichi cha kuumiza macho, majani ya mifugo, kabichi, na ngano changa iliyofika kwenye kifundo cha mguu. Cucu, ambaye alikuwa amekaa safari nzima kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini, alisimama ndani ya basi.

"Mwambie huyo kijana asimamishe."

Basi likasimama. Cucu akashuka, sisi nyuma yake, akaenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa shamba ambako mzee mmoja na mwanawe walikuwa wakimwagilia. "Mvua ilinyesha lini hapa?" akauliza.

Swali likapita kwa Mchungaji, kwa Sobhi, kwa mzee, na jibu likarudi njia ile ile. Hainyeshi. Labda matone, mara moja kwa mwaka. Maji yote ni ya mto.

"Hawangoji mvua?"

"Hawangoji."

"Miaka yote?"

"Miaka yote, Cucu. Tangu Farao."

Lazima uwe mtu wa Timau kuelewa uso wa cucu wakati huo. Sisi tulikuwa na mfereji pia, mwembamba, unaotoka mlimani, wenye zamu na ugomvi wa zamu, na bado tuliishi tukitazama mawingu kama mtu anayemtazama mume mlevi: leo atakuja vipi? Cucu alitazama ngano ile ambayo haikumjua mungu wa mawingu. "Basi hawa watu hulala usingizi," akasema polepole. Aliisema kwa heshima, kama sala.

Kisha akacheka, kitu ambacho hatukuwa tumekisikia tangu mazishi. "Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Leo ni ya tatu." Akamnyooshea mzee mkono, na mzee, akifikiri ni mzaha wa watalii, akampa jembe lake la mpini mfupi. Cucu akavua viatu. Akaingia kwenye tope, akafungua ukingo wa mfereji kwa mapigo mawili, maji yakaingia kwenye tuta moja, akaufunga kwa donge la udongo na kulikandamiza kwa kisigino, akahamia tuta linalofuata. Mzee akaacha kucheka. Akaita watu. Kwa muda ule mkulima wa Timau na mkulima wa Misri walifanya kazi bega kwa bega bila neno moja la lugha yoyote, na kikundi chetu chote kilikuwa kinapiga picha.

Mimi nilikuwa nalia nyuma ya basi. Kwangu utumwa ulikuwa umeanza rasmi. Alipewa jembe, amelima, na mbaya zaidi, alikuwa amefurahi. Angebaki. Nilijua angebaki.

Jioni hiyo alikula. Alimaliza sahani yake ya wali na akaomba mkate. Watu wazima walifurahi, na mimi nilihesabu hilo kama pigo lingine.

Kwa hiyo unaweza kufikiria nafuu niliyoipata tulipoambiwa asubuhi kwamba tunaiacha Kairo, tunavuka kwenda upande wa Sinai. Tulipita jangwa, wakati huu jangwa la kweli, lisilo na hata mti wa kumfungia mbuzi. Kisha barabara ikaanza kushuka, ikaingia ardhini, na Mchungaji akachukua kipaza sauti. "Wapendwa," akasema, "hapa tulipo, maji yako juu yetu. Meli zinapita juu ya vichwa vyetu, na sisi tunapita pakavu."

Mama Kendi aliweka mikono yote miwili kichwani, kama mtu anayezuia maji yasimwangukie. Mimi nilikaza macho kwenye dari la handaki nikitafuta samaki. Hakuna aliyeniambia ni kazi ya wahandisi, na hata angeniambia nisingemsikiliza. Maji yalikuwa yamegawanyika, kama guka alivyosema, kwa ajili yetu, tena siku hizi yamewekewa taa. Tulipotokea juani upande wa pili nilishika mkono wa cucu na kuubana. Tumevuka. Hawakutukamata. Guka amebaki huko nyuma, na hilo liliniuma, lakini cucu nilikuwa naye.

Baada ya kuona visima walivyotuambia ni vya Musa, Sobhi alitupeleka ufukweni tunyooshe miguu. Ulikuwa ufuko mtupu, mchanga mgumu, na maji ya buluu ambayo sisi watu wa mlima hatukuwa tumeyaona ila kwenye kalenda. Ng'ambo, mbali, ilionekana milima mikavu ya upande tuliotoka. Upepo ulikuwa baridi kwa Sobhi, ambaye alifunga jaketi lake hadi kidevuni, na Mama Kendi akamwambia, "Hii unaita baridi? Wewe hujafika Timau." Watu wakatawanyika kuokota makombe ya baharini.

Cucu alivua viatu. Akavipanga pamoja, visigino vimegusana, namna anavyovipanga mlangoni kwake. Akakaza leso kiunoni. Kisha akaingia majini.

Mwanzo nilifikiri anaosha miguu. Lakini hakusimama. Maji yakafika kwenye vigimbi, magoti, sketi ikavimba na kuelea nyuma yake, naye anaendelea, polepole, uso wake kwenye milima ile ya ng'ambo. Kwenye Misri. Nilitazama alikotazama. Sikumwona mtu, lakini macho ya cucu yalikuwa mazuri kuliko yangu kwa vitu vya mbali. Alikuwa akitambua ng'ombe wetu kwenye mteremko ambao mimi niliona majani tu. Amemwona, nikajua. Guka amempungia mkono na yeye anakwenda.

Nilikimbia. Niliingia na viatu, na sweta, na kila kitu, nikipiga kelele kwa Kimeru ufuko mzima ukanisikia, "Cucu, usiende kwake! Cucu, rudi! Baba alisema nirudi na wewe!" Nyuma yangu nilisikia Sobhi akiangusha bendera yake na kuja mbio akilia, "Polepole, mama! Mama, polepole!" Maji yalikuwa yamenifika kifuani nilipomshika kiuno.

Cucu akageuka. Hakuwa ameshtuka hata kidogo. "Mbona unanipigia kelele kama ng'ombe ameingia shambani?"

"Usiende kwa guka."

"Kwa guka wapi?"

Nikanyoosha mkono kwenye milima. "Kule. Alisema atatangulia Misri. Nimemtafuta kila siku na sikumpata, na wewe umemwona, na ukienda hutarudi."

Alinitazama. Aliona, nafikiri, safari yangu yote, wale wazee wa mabenchini, machozi ya nyuma ya basi. Akanishika kidevu kwa mkono wa maji.

"Karimi," akasema. "Mimi siendi. Mimi natoka. Mtu atatokaje majini kabla hajaingia? Guka wako aliniambia pale hospitalini, nikifika hapa mmoja wa nyumba yake atoke majini kwa miguu, upande huu, kama wazee walivyotoka. Alitaka atoke mwenyewe. Nimeingia ili nitoke kwa niaba yake."

"Kwa hivyo hayuko kule?"

Cucu alifungua mdomo. Nilisubiri aseme lile neno la kila mtu, ametangulia, amepumzika, na niliona midomo yake ikilitafuta na kulikosa. Akatazama milima, akatazama maji, akanitazama mimi. Mbele yake hakukuwa na chai ya kumpikia mtu. Hakukuwa na kikombe cha kusuuza.

"Guka alikufa," nikasema. Sikuwa nauliza. Lilikuwa limenifikia pale pale, lote, sanduku na udongo na kiti cha karibu na moto kisicho na mtu, na nilikuwa wa kwanza wa nyumba yetu kulitamka.

"Eee," akasema cucu. "Alikufa. Mume wangu alikufa."

Na akalia. Aliweka mikono kichwani akalia kwa sauti, bila kujificha, jinsi wanawake wa Timau walivyongoja alie siku ile, akimwita guka kwa jina ambalo sikuwahi kulisikia likitumika mchana. Nami nikalia, nimemng'ang'ania kiuno, mawimbi yakitusukuma kidogo na kuturudisha. Sobhi alisimama karibu nasi, jaketi lake limelowa hadi mifukoni mwa pasipoti. Ufukweni watu walikuwa wameacha makombe. Mama Kendi alikaa tu kwenye mchanga karibu na viatu vya cucu.

Hakuna aliyetuharakisha. Cucu alipomaliza alinawa uso kwa maji yale ya chumvi, akanishika mkono, tukatoka.